Safari ya kwenda kuliangalia doa

Nilikwenda Kigali kwa sababu ya doa. Si doa la nguo, ingawa mimi ni fundi cherehani hapa Kamembe na madoa ya nguo nayajua vizuri. Hili liko ndani ya pafu langu la kushoto, na waganga wa hospitali waliliona kwenye picha baada ya kunikata titi na kunimalizia dawa. Walisema ni dogo, kama punje ya mchele. Walisema pia kwamba huenda ni kovu la kikohozi cha zamani, na huenda ni ule ugonjwa wangu umehama, na kwamba kwa udogo wake hakuna anayeweza kujua. Nirudi nyumbani, ningoje, kisha nipigwe skaneri nyingine waone kama limekua. Tangu siku hiyo, nikichambua mchele wa Bugarama kwenye ungo, nauangalia kwa jicho baya.

Sikwenda peke yangu. Hospitali zetu zinataka mgonjwa aje na mtu wa kumsindikiza, garde-malade, na wangu alikuwa Maman Solange. Ni jirani yangu, anaimba kwaya kanisani kwetu, na tuliugua ugonjwa mmoja karibu wakati mmoja. Tulikaa benchi moja, tukanyonyoka nywele pamoja, tukatapika kwenye ndoo moja. Titi la kitambaa analovaa ndani ya sidiria nimelishona mimi, pamba na mtama kidogo ili liwe na uzito. Kisha tulipopigwa picha za mwisho, yeye aliambiwa hakuna kitu, arudi baada ya mwaka. Mimi nikapewa doa. Basi tangu hapo namwonea wivu, na sitaupamba wivu huo kwa maneno mengine.

Kanisani kwetu mtu akipona hutoa ushuhuda. Maman Solange aliniletea kitambaa cha kijani chenye ndege wa njano, akasema anataka gauni la kumshukuru Mungu, la kubana kiunoni. Nilimpima, nikakata, nikashona vizuri kuliko nilivyowahi kumshonea mtu, maana ukiwa na wivu na bado unaitwa fundi, heshima inakuwa kazini. Jumapili ile alisimama mbele, ngoma zikapigwa, mama mchungaji akalia, na mimi nilikuwa safu ya tatu na pini bado zimechomekwa kwenye kola yangu. Kwetu, aliyetoa ushuhuda wa kupona amefunga jambo. Hakuna anayemuuliza tena kuhusu hospitali. Nami nilikuwa nimenunua kitambaa siku ileile, cha buluu, kwa ushuhuda wangu mwenyewe. Kimo sandukuni mpaka leo, hakijaguswa na mkasi.

Mume wangu, Papa Aline, anafanya kazi ya saruji huko Bugarama na zamu yake haikumruhusu kunisindikiza. Nilipokuwa nawaza nimchukue nani, Maman Solange akaja mlangoni mwenyewe.

“Nitakupeleka miye,” alisema, kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

“Weye uko na kazi yako.”

“Kazi itaningojea. Miye njia ya kule naijua, na mulango ya muganga naijua.”

Nilimshukuru. Moyoni nilisema: anakuja kuonyesha waganga jinsi alivyopendeza.

Alfajiri, stendi ya Kamembe. Ziwa lilikuwa bado jeusi na taa za Bukavu, upande wa Kongo, zilikuwa zinawaka ng’ambo, kule ambako wote wawili tulizaliwa. Mimi nilifika na begi langu begani. Maman Solange alifika na mumewe nyuma yake amebeba kila kitu, mkoba, kitenge cha kujifunika, hata mayai ya kuchemsha ambayo alikuwa amekwisha kuyamenya. Nimeolewa miaka mingi na sijawahi kumenyewa yai.

Alikuwa amevaa lile gauni la ushuhuda, na sweta juu yake. Gauni la kijani lenye ndege, kwenye basi, kwa safari ya kwenda kuliangalia doa langu. Alipopanda ngazi niliona kwamba kiunoni limemwachia, vidole viwili hivi. Nililishona likambana, kwa hiyo ni yeye aliyepungua. Mimi kwa wasiwasi nimekula mikate mpaka sketi zangu nimezitoa mishono yote, na yeye anazidi kuwa msichana. Nikakaa dirishani bila kumuuliza kama anapataka.

Tulipofika Ntendezi jua lilikuwa limetoka. Baada ya hapo barabara inapanda kwenye mashamba ya chai, na wachumaji walikuwa wamekwisha kuingia, vikapu mgongoni, mikono inakwenda haraka bila wao kuitazama. Niliwaangalia wale wanawake nikajikuta nawahesabia mapafu: huyu anayo mawili safi, na huyu pia. Ndivyo nilivyokuwa siku zile. Ukinipita njiani na afya yako, nilikuwa nakuona kama mtu aliyevaa nguo yangu.

Ndani ya msitu wa Nyungwe baridi iliingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Ukungu ulikuwa umelalia barabara na dereva alikwenda polepole kwenye kona. Nyani walikuwa wamekaa pembeni na watoto wao, wakitutazama kama watu wanaongoja basi lao. Nyuma yetu mwanamume mmoja alikuwa anakohoa. Alikohoa kutoka Gisakura mpaka karibu na Kitabi, kikohozi kinene, kizuri, kisha akala karanga, akakohoa tena, akaendelea na hadithi yake ya ng’ombe. Hakuwa anakisikiliza kikohozi chake. Mimi nikikohoa mara moja tu nyumbani, nasimamisha cherehani, nangoja kama kitakuja kingine, naweka mkono kifuani, na siku hiyo nguo za watu hazishonwi tena. Yule bwana nilimwonea wivu kuliko tajiri yeyote.

“Yule muntu aende kwa muganga,” nilisema.

“Muache,” alisema Maman Solange. “Ni mafua ya baridi.”

Mwenyewe hakuwa anatulia. Alikaa upande huu, akahamia upande ule, akajikunjia kitenge nyuma ya kiuno, akasimama kidogo akishika kiti cha mbele. Nilidhani anaogopa gauni litapata mikunjo. Na hakuimba. Yeye huwa anaimba hata akifua, lakini msitu mzima tuliupita bila wimbo.

Nyanza basi lilisimama na kila mtu akashuka kununua maziwa, maana kupita Nyanza bila kunywa maziwa ni kama kupita kwa shangazi bila kusalimia. Maman Solange alikunywa robo ya kikombe, akanipa iliyobaki.

“Haunywi?”

“Imetosha.”

Nikamalizia. Nilifikiri anatunza umbo.

Mchana tulifika Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, tukachukua gari jingine mpaka Nyamirambo kwa mwenyeji wetu, Maman Gisèle. Huyu ni mtu wa Kadutu, Bukavu, kama sisi. Tulisoma naye shule ya msingi kabla ya familia zetu kurudi Rwanda. Alitufungulia mlango akamkumbatia Maman Solange kwanza.

“Weye njo umepona kabisa! Angalia kiuno! Nilisikia ushuhuda yako, balinitumia sauti mu simu.” Kisha akanigeukia na sura ikabadilika, ile sura ya msibani. “Na weye, mama. Pole. Tuko nakuombea.”

Alitupikia sombe la majani ya muhogo na samaki. Chumbani palikuwa na kitanda kimoja kizuri na mkeka. Nilikuwa tayari nimejiandaa kunung’unika kimoyomoyo kwamba aliyepona atapewa kitanda, lakini Maman Solange akatandika khanga yake mkekani.

“Miye nalala chini. Kitanda kinabonyea.”

“Umekuwa mutawa sasa,” nilimwambia, na Maman Gisèle akacheka. Maman Solange hakucheka.

Asubuhi iliyofuata, hospitali. Sitaitaja jina, wote tunaofika pale tunaijua. Skaneri yenyewe si kitu cha kuogopesha. Unalala kwenye kitanda chembamba, kinakuingiza kwenye duara kubwa jeupe, sauti inakwambia vuta hewa, usipumue, sasa pumua. Haina maumivu. Ila pale, hewa ikiwa imefungwa kifuani, ndipo nilipolisikia doa. Najua haliwezi kusikika. Nililisikia. Niliwaza binti yangu Aline anamaliza shule mwakani, niliwaza kitambaa cha buluu, na niliwaza kwamba kama limekua sitaki Maman Solange awe wa kwanza kunifariji, na hilo gauni lake.

Wakatuambia tungoje benchini, muganga ataisoma picha alasiri. Benchi lilikuwa refu na limejaa. Kuna wanaotoka mlango wa muganga wakitazama simu, na hao wamepona au hawajaambiwa kitu. Kuna wanaotoka wakitazama ukuta. Niliwajua wote kwa mgongo tu, na kila aliyetoka na simu nilimwona kama ameniwahi foleni.

Maman Solange alikuwa anajigeuzageuza kwenye benchi. Kisha akanisogelea.

“Ukiingia, muganga atakuuliza kama uko na swali.”

“Ataniuliza, ndiyo.”

“Umuambie mugongo yako inakuuma. Hapa chini. Inakuuma zaidi wakati umelala, hata kujigeuza unashindwa. Umuulize iyo ni kintu gani.”

“Mugongo yangu haiumi, Maman Solange.”

Alikuwa ametazama mikono yake. Nikamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu tutoke Kamembe, kama ninavyomwangalia mtu aliyekuja kupimwa. Shingo. Mabega. Gauni lililoachia kiunoni. Mkeka sakafuni, robo ya maziwa, kitenge nyuma ya mgongo, msitu mzima bila wimbo. Vipimo vyote vilikuwa mbele yangu na sikuvisoma, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kumwonea wivu.

“Tangu wakati gani?”

“Kabla ya Pasaka.”

“Papa Solange anajua?”

“Hapana. Nitamuambia nini? Nilisimama mbele ya bantu bote nikasema nimepona. Balipiga ngoma. Sasa nirudi niseme inaniuma? Batasema nilimudanganya Mungu. Ao batasema imani yangu ilikuwa kidogo, njo maana imerudi.”

“Njo maana ulikuya kunisindikiza.”

“Nilikuya kukusindikiza,” alisema. “Na kwa iyo pia.”

Nitasema kilichonipata, maana safari ni pamoja na njia mbaya. Cha kwanza kilichonipata kilikuwa furaha. Ndogo, ya muda wa kupepesa macho, lakini ilikuwa furaha: kumbe na yeye. Kisha ikaja hofu, na hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya ndani ya skaneri. Nilikuwa namchukia kwa kupona kwake na bado nilikuwa nimeegemea kupona huko, kwa sababu kama yeye alipona, na titi letu ni moja na dawa yetu ni moja, basi hata mimi ningeweza. Akianguka yeye, mimi nimwonee nani wivu?

Wakaniita. Garde-malade huingia na mgonjwa wake, kwa hiyo tuliingia wote wawili. Muganga alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, anachanganya Kinyarwanda na Kifaransa. Aliweka picha mbili kwenye kompyuta, ya zamani na mpya, akanionyesha kwa kalamu. Mimi niliona mawingu tu.

Alisema doa halijakua. Lipo palepale, ukubwa uleule.

Nilimuuliza basi si kitu? Akasema hajasema hivyo. Amesema halijakua, na kutokua ni habari njema, lakini bado hajui ni nini, na tukizidi kuliangalia bila kuliona likikua ndipo ataanza kuamini kwamba ni kovu. Nirudi baada ya miezi sita. Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimevuka msitu ili niambiwe ndiyo au hapana, na ananipa miezi sita. Hata hivyo nilijikuta namshukuru, mara mbili.

“Una swali?”

Maman Solange alikuwa ametazama sakafu. Ningeweza kusema mgongo unaniuma, na muganga angeniandikia mimi vipimo, na yeye angebaki na siri yake na gauni lake. Angerudi Kamembe na jibu la mgongo usio wake.

“Mgongo,” nilisema. “Si wangu. Ni wa huyu.”

Maman Solange alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa hata na adui. Muganga hakushangaa. Aliinuka, akafunga mlango uliokuwa umebaki wazi kidogo, akamwambia akae kwenye kiti changu. Mimi nikasimama ukutani, mahali pa garde-malade. Alimuuliza tangu lini, wapi, usiku au mchana, umepungua? Maman Solange alijibu kwa sauti ndogo, na hapo kwenye kupungua akasema hajui.

“Amepungua,” nilisema. “Nilimshonea hilo gauni likambana.”

Muganga alimwambia kwamba mgongo huuma kwa mambo mengi, umri, mizigo, godoro, na kwamba wengi wanaokuja na hofu hiyo wanarudi nyumbani na dawa za kuchua tu. Lakini kwa mtu aliyeugua ugonjwa wetu haifai kukisia. Ni lazima apigwe picha ya mifupa, na nafasi ilikuwa baada ya wiki mbili. Maman Solange akamuuliza kitu kimoja tu, kama yule muganga anaweza kumwambia leo, hata kidogo, inaelekea wapi. Muganga akasema hawezi.

Tulitoka. Benchi lote lilitutazama, na sijui walituweka kundi gani.

Kwa Maman Gisèle hatukusema mengi. Nilisema halijakua, na yeye akapiga vigelegele, akampigia simu Papa Aline kabla sijamaliza kuvua viatu.

Asubuhi, safari ya kurudi. Maman Solange alinipa mgongo mpaka Muhanga, akanipa mgongo mpaka Huye. Safari hii nilimwachia dirisha, akakaa bila kusema asante. Baada ya Kitabi, mvua ya msituni ikaanza kupiga vioo, ndipo akasema, akitazama nje:

“Unajua miye nilikuwa nakuonea wivu?”

“Weye? Wivu juu ya nini? Juu ya doa?”

“Weye banakuangalia. Ukikohoa, Papa Aline anauliza. Kanisa inauliza. Muganga anakupa siku ya kurudi. Miye baliniambia nenda, imeisha, mupaka mwaka ingine. Kintu kikiniuma nilikuwa na muntu wa kumuambia?”

Miezi yote ile kila mmoja alikuwa ametamani kukaa upande wa mwenzake, kama mchezo wa viti, na hakuna aliyesema hama.

“Na sasa?” nilimuuliza.

“Sasa nakuonea wivu bado. Haijakua, balikuambia. Miye bado sijue.” Akanigeukia, na jicho lile nikalitambua mara moja, maana lilikuwa langu. “Nakuonea wivu mbaya sana, Maman Aline.”

“Njo vile,” nilisema. “Inauma. Miye naijua.”

Akacheka kidogo, mkono mgongoni.

Jioni, Kamembe. Mama mchungaji alikuwa stendi na wanakwaya wawili, na Papa Aline nyuma yao amekuja moja kwa moja kutoka kazini na vumbi la saruji kwenye nyusi. Habari ilikuwa imefika kabla yetu na njiani ilikuwa imenenepa.

“Mungu ametenda,” alisema mama mchungaji. “Siku ya Mungu utasimama mbele ya kanisa. Ushuhuda ni yako.”

Ni neno nililolingojea miezi yote ile. Nimeliota, na ngoma zake. Maman Solange alikuwa kando yangu amelishika begi lake, akitabasamu kama mwanakwaya anavyofundishwa.

“Mama,” nilisema, “doa iko palepale. Haijakua, lakini iko. Kitambaa yangu sijakata.”

“Si unaweza kukata kesho?”

“Sitakata kwanza. Niko na safari ingine, baada ya wiki mbili. Namusindikiza Maman Solange.”

Mama mchungaji alimtazama Maman Solange, na Papa Solange, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kumpokea mkoba, naye akamtazama. Nilijua nimesema nisichoruhusiwa, kwa mara ya pili. Maman Solange alimgeukia mumewe.

“Mugongo yangu inaniuma, Papa Solange,” alisema. “Banataka kuangalia.”

Mumewe alisogea karibu. Aliuchukua mkoba, kisha akachukua na kitenge, kisha akamshika mkono, na nikaona wivu wangu wa yai la kumenywa bado upo mzima, haujaenda popote. Basi hilo ndilo nililojifunza barabarani: hauishi. Nimezoea kukaa nao kama nilivyozoea kukaa na doa, na vyote viwili havinizuii kupanda basi.

Siku mbili kabla ya safari ya pili, alikuja dukani kwangu na gauni la kijani likiwa limekunjwa kwenye mfuko.

“Ukate kiuno,” alisema. “Nivae vizuri kule. Sitaki muganga anione kama fimbo.”

Nilimvalisha, nikampima. Vidole viwili vilikuwa vimekuwa vitatu. Nilichoma pini pande zote mbili, akavua, nikakaa kwenye cherehani. Yeye alikaa kwenye stuli ya wateja, mgongo umeegemea ukuta.

“Bona hukamate mukasi?” aliuliza.

“Sikati,” nilimwambia. “Nakunja ndani. Nguo inabaki yote. Ukinenepa, naachia.”

Nikashona mshono mrefu, wa kufumuliwa kirahisi.